Swali la Kutega na Swali la Kutafuta

Vitendawili ni mchezo wa kale unaopendwa na wazee na watoto. Mmoja husema, "Kitendawili!", na wenziwe hujibu, "Tega!" Kisha hutajwa fumbo, na waliotegwa hujaribu kulifumbua, wakishindwa hutoa mji, na mtegaji akiisha kuupokea hulitoa jibu. Katika mchezo huu aulizaye analijua jibu kabla hajafungua kinywa, na aulizwaye hupimwa kwa jibu hilo hilo wala si kwa jingine. Swali la namna hii laweza kuitwa swali la kutega. Lakini liko swali la namna nyingine, ambalo aulizaye hajui jibu lake, na pengine aulizwaye hajui pia. Jibu lake halimo kifuani mwa mtu yeyote. Limo mtoni, au chunguni, au katika kichuguu, na hapana njia ya kulipata ila kwenda kutazama. Hilo na liitwe swali la kutafuta.

Historia ya mafundisho katika pwani ya ziwa Tanganyika, na katika Tanzania yote kwa jumla, yaweza kusomwa kama historia ya maswali haya mawili. La kwanza limetawala darasa kwa muda mrefu. La pili limekaribishwa mara nyingi kwa maneno mazuri, likaachwa limesimama mlangoni. Sababu yake yafaa kuchunguzwa, maana si sababu moja, wala kosa si la walimu peke yao.

Mwandiga ni mji mdogo wa Wilaya ya Kigoma, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, hapo ambapo barabara iendayo Manyovu, mpakani mwa Burundi, huanza safari yake ya milimani. Watoto wake wengi husema Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni, na wakifika sekondari hukutana na Kiingereza. Mtoto wa huko haingii darasani mikono mitupu. Ameona mawese yakiganda asubuhi ya baridi na kuyeyuka jua lipandapo. Anajua kuwa wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza na taa zao, na kuwa mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Akifika Ujiji huonyeshwa jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, na huambiwa kuwa ziwa lilikuwa karibu. Lakini akitazama huona kuwa maji yako mbali. Kila jambo katika haya lina swali ndani yake: Kwa nini mafuta yagande? Kwa nini samaki waifuate taa? Ziwa lilikwenda wapi?

Swali hili la mwisho ni kongwe, na Ujiji ndipo mahali lilipoulizwa kwa bidii nyingi kuliko pengine popote. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika huko Februari 1858 kwa njia ya misafara itokayo pwani. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Wakasikia habari ya mto Rusizi ulioko ncha ya kaskazini ya ziwa, na jambo kubwa likawa hili: je, mto huo huingia ziwani au hutoka? Ukitoka, ungeweza kuwa ndio Nile. Speke alivuka ziwa, akaambiwa na mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim, kwamba mto huo hutoka. Habari hiyo iliwafurahisha wote wawili, kwa maana ndiyo waliyoitamani. Aprili mwaka ule walikwenda kwa mitumbwi mpaka Uvira, na huko wana wa mtawala wa nchi, Maruta, wakawaambia pasipo kusita kwamba Rusizi huingia ziwani. Burton alihuzunika sana. Hakufika mdomoni mwa mto kutazama kwa macho yake, na miaka michache baadaye alirudia kutetea rai kwamba mto ule ungeweza kutoka.

Katika kisa hiki yafaa kutazamwa jinsi swali lilivyoharibika. Lilianza likiwa swali la kutafuta. Lakini aulizaye alipokwisha kujichagulia jibu, likageuka kuwa swali la kutega. Wana wa Maruta walikuwa watu wa mto wenyewe. Walijua yapitayo mbele ya milango yao, wakasema kweli, na kweli yao ikapokelewa kama jibu la mwanafunzi aliyekosea. Hapakuhitajika elimu kubwa ya kukata shauri. Ilihitajika safari fupi zaidi. Safari hiyo ilifanywa Novemba 1871. Livingstone na Stanley, wakipelekwa na wapiga makasia kutoka Ujiji, walifika mdomoni mwa Rusizi wakaona maji yakiingia ziwani. Swali lililokuwa limebishaniwa miaka 13 likaisha kwa siku moja ya kutazama.

Basi likabaki jingine: ikiwa mito huingia, maji hutoka wapi? Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, baada ya kufika Ujiji, alizunguka sehemu ya kusini ya ziwa akaona upande wa magharibi mto Lukuga, akasema kuwa hapo ndipo maji yatokeapo. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 hakuona mkondo wa kutoka ulio dhahiri, kwa kuwa njia ilikuwa imezibwa na majani na tope, akatilia shaka. Mwaka 1879 Edward Hore wa misheni ya London, aliyekuwa akikaa Ujiji, na msafiri Joseph Thomson, waliuona Lukuga ukitoka kwa nguvu kuelekea bonde la Kongo. Kizuizi kilikuwa kimevunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Ndiyo maana jiwe la Ujiji leo li mbali na maji. Cameron na Stanley walipingana, na kumbe kila mmoja alisimulia mto wa mwaka wake. Wala ziwa halikuacha kubadilika: mwaka 2020 na 2021 lilipanda tena likafunika sehemu za pwani yake. Kitabu kikitoa jibu moja bila ya mwaka, mwanafunzi aliyesimama ufukoni anayo haki ya kuuliza zaidi.

Katika miaka ile ile shule za kwanza za wageni zilifika ziwani. Wamisheni wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Hawakukuta nchi isiyo na mafundisho. Wazee wa Kiha walifundisha vijana wao kazi na desturi, na Waislamu wa Ujiji walikuwa na vyuo vya Kurani, ambamo mtoto huandika ubaoni, husoma kwa sauti na kuhifadhi. Misheni kwa upande wao walileta katekisimu, kitabu ambacho kwa umbo lake ni maswali matupu, kila swali likifuatwa na jibu lake lililokwisha kuandikwa. Haifai kuyadharau mafundisho haya. Neno linaloaminiwa kuwa takatifu lataka kuhifadhiwa lisipotee hata herufi, na kwa kazi hiyo kuhifadhi ndiyo njia iliyo bora. Tena katika darasa za juu za wanazuoni, mwanafunzi husoma mbele ya shehe wake, akasimama penye ugumu akauliza. Shida ilizuka pale ambapo desturi ifaayo kwa neno takatifu ilichukuliwa ikatumiwa kwa mambo ya udongo, ya mimea na ya maji, ambayo hayahitaji kuhifadhiwa bali kuchunguzwa.

Shule ya serikali ya kikoloni iliikaza desturi hiyo kwa mtihani. Tume ya Phelps-Stokes iliyotembelea Afrika Mashariki mwaka 1924 ilishauri mafundisho yafungamane na maisha ya kijiji, na ushauri huo ulisifiwa. Lakini nafasi za masomo ya juu zilikuwa chache mno, na mtoto alikabiliwa na mtihani wa darasa la nne, kisha wa darasa la nane, kila mmoja ukiwa kama chekeche. Mzazi aliyeuza mahindi apate ada hakumpeleka mwanawe shuleni akaulize, alimpeleka akafaulu. Na mtihani ni kitendawili kikubwa kuliko vyote: mtegaji yu mbali, jibu analo, na ashindwaye hutoa mji asirudishiwe.

Hata hivyo, karibu na wakati wa Uhuru, mambo mawili yalitokea Tanganyika yanayoonyesha nguvu ya swali la kutafuta. La kwanza lilitokea jirani na Mwandiga. Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini ya Kigoma, kuchunguza sokwe. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Miezi michache baadaye, mwezi Novemba, aliona sokwe akiingiza bua la nyasi katika kichuguu na kuvulia mchwa, wakati ambapo wataalamu wengi walishika kuwa mwanadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Jibu halikutoka kitabuni, lilitoka kichuguuni. Na Mei 1975, watafiti wanne walipotekwa nyara na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, kazi ya kutazama na kuandika kila siku iliendelezwa na wafanyakazi Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya ziwani. Hawakuwa wasomi wa vyuo, lakini kumbukumbu zao zimekuwa nguzo ya utafiti unaojulikana ulimwenguni kote.

La pili lilitokea darasani hasa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, na kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache, na Mpemba akachelea kuikosa. Akayaweka maziwa yake yakingali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenziwe aliyeyaweka ya baridi yalikuwa bado. Alimwuliza mwalimu sababu, akaambiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakuacha. Mjini Tanga alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, naye akamwambia kuwa huyatia maziwa ya moto makusudi, yapate kuganda upesi.

Mpemba aliendelea na masomo Mkwawa, Iringa. Walipofundishwa kanuni za kupoa kwa vitu aliuliza tena, na mara hii mwalimu alilifanyia mzaha swali lake, akasema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba wala si ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea, wanafunzi wenziwe walimtupia maneno hayo hayo. Kisha akaja kuzungumza nao Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile, na wenziwe wakaona kuwa amewaaibisha. Osborne alimwuliza kama amelifanya jaribio hilo mwenyewe. Akajibu kuwa amelifanya. Basi Osborne akakiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulijaribu arudipo Dar es Salaam. Akalijaribu kweli, na mwaka 1969 majina yao wawili yalionekana pamoja juu ya makala katika jarida la mafundisho ya fizikia.

Watu husimulia kisa hiki kana kwamba maana yake ni ushindi wa Mpemba. Maana yake ni pana zaidi. Swali lenyewe halijafungwa mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na wengine wanaendelea kubishana nao. Yawezekana kuwa mwalimu wa kwanza hakukosea sana katika fizikia. Alikosea katika ualimu, kwa kulifanya la kutafuta kuwa la kutega: alilipima swali kwa jibu alilokuwa nalo, hakumtuma mtoto arudi kwenye jokofu. Osborne naye hakumpa Mpemba jibu. Alimpa vitu viwili tu: swali lake kama amelifanya mwenyewe, na ahadi ya kulijaribu. Wala isisahauliwe kuwa muuza aiskrimu wa Tanga, kama wana wa Maruta wa Uvira, alikuwa na ujuzi wa kazi yake ambao hakuna mwenye elimu aliyekwenda kumwuliza.

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mara nyingi waraka huo hukumbukwa kwa mashamba ya shule, na sehemu yake nyingine husahauliwa. Mwandishi wake alitaka shule ikuze akili ya kudadisi, iwape vijana uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kugeuza wayaonayo, na iwajengee imani ya kuwa wao ni watu huru walio sawa na wengine. Tena aliulaumu mtihani kwa kupima uwezo wa kukariri. Katika miaka hiyo hiyo nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, zilishiriki mpango wa sayansi ya shule za msingi uliosaidiwa na wataalamu wa Massachusetts, Marekani. Kijitabu kimoja cha mpango huo kilimhusu mdudu mdogo achimbaye shimo mchangani kumtega sisimizi. Kiliwataka watoto wamwulize mdudu mwenyewe, kwa kumtazama na kumjaribu, badala ya kumwuliza mwalimu. Eleanor Duckworth, aliyechunguza matunda ya mpango huo nchini Kenya, hakuwapa watoto mtihani wa kalamu; aliwawekea vitu wasivyovizoea akatazama watafanya nini navyo. Waliofunzwa kwa njia hiyo walikuwa na mawazo mengi zaidi ya kujaribu kuliko wenzao.

Kwa nini basi mgeni huyu aliyekaribishwa hivyo hakuingia ndani? Kwanza, mtihani uliolaumiwa mwaka 1967 haukuondoka. Pili, haki ilikuja na uzito wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waandikishwe shuleni ifikapo 1977, na ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2002 wimbi jingine la watoto likaja. Yote mawili yalikuwa mambo mema. Lakini mwalimu aliye peke yake mbele ya darasa lililojaa mpaka mlangoni huona kuwa swali moja la mtoto mmoja ni mlango wa fujo. Tatu ni lugha. Mtoto wa Mwandiga aliyeuliza kwa ufasaha kwa Kiswahili katika darasa la saba hujikuta kidato cha kwanza akitakiwa kuuliza kwa Kiingereza. Wanazuoni wa Dar es Salaam, Martha Qorro akiwa miongoni mwao, wameonyesha kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wanavyonyamaza hapo. Kujibu kwa lugha usiyoijua vema kwawezekana, kwa kuwa jibu laweza kunakiliwa ubaoni. Kuuliza hakuwezekani, kwa kuwa swali halina mahali pa kunakiliwa. Mtaala wa mwaka 2005 uliweka ujuzi wa mwanafunzi mbele ya kukariri kwake. Nao ulikuta vizuizi hivyo vitatu vingali vimesimama.

Yupo atakayesema kuwa hili ni jambo dogo la ufundi wa ualimu. Sivyo. Azoezwaye kunyamaza darasani hunyamaza pia barazani, na taifa lisilozoea maswali hulipokea kila swali kama shambulio. Mwandiga wenyewe unao mfano. Zitto Kabwe, aliyezaliwa hapo mwaka 1976, alikuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini mwaka 2007 alipotaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe. Agosti mwaka ule Bunge lilimsimamisha kwa kudai kuwa amesema uongo. Novemba ya mwaka ule ule Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kutazama mikataba na kodi za madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akateuliwa kuwa mjumbe wake. Mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya ya madini. Watu wanahitilafiana juu ya siasa zake, na wana haki. Lakini mwendo wa swali lile unafanana na wa swali la Mpemba: kwanza aulizaye aliadhibiwa, kisha ikaonekana kuwa yafaa kwenda kutazama.

Waswahili husema, kuuliza si ujinga. Methali hii humtetea aulizaye, na ni vema. Lakini historia iliyosimuliwa hapa yataka aulizwaye naye atazamwe. Burton aliambiwa kweli akaikataa kwa kuwa alikuwa amekwisha kujichagulia jibu. Osborne aliambiwa jambo lililoonekana la upuuzi akaenda kulijaribu. Tofauti yao haikuwa ya elimu, maana wote wawili walikuwa wasomi. Ilikuwa ya utayari wa kusema "sijui" na kisha kwenda.

Utayari huo haungoji maabara wala mtaala mwingine. Mwalimu wa Mwandiga anayo mawese ya kupasha moto na kuacha yapoe, kwa saa iliyo ukutani. Anao wavuvi wa dagaa wa kualikwa darasani, waulizwe wanachokijua juu ya mwezi na taa. Anayo safari fupi ya kwenda Ujiji na kamba ya kupimia, kutoka jiwe la ukumbusho mpaka maji yalipo, na daftari la kuandikia kipimo hicho pamoja na tarehe, ili darasa la mwaka ujao lipime tena na kulinganisha. Mtihani hautauliza umbali huo. Lakini mtoto atakayeushika mwisho wa kamba ile atakuwa amejua jambo ambalo hakuna aliyemtegea, na atakuwa ameliandika kwa mkono wake.